Nyuki Wanahama Kila Msimu? Mwongozo Kamili wa Kulinda Mzinga na Varoa, Mende na Nondo

Swali ni lile lile hapa Kenya, kuanzia Njoro kule Nakuru mpaka Seme kule Kisumu: mbona nyuki wanahama kila msimu? Nyuki waliingia vizuri, wakajenga, wakaanza kuleta chavua, alafu miezi michache baadaye mtu anafungua mzinga anapata utando na viwavi vya nondo tupu, nyuki hakuna. Anakimbia agroveti ananunua dawa. Msimu unaofuata inakuwa vile vile.

Shida ni kwamba wengi wanapigana na kile wanachokiona mwisho. Viwavi huwa wanafika wakati kundi limeshachoka, na kuna kitu kililichosha kabla yao: siafu, njaa, joto, varoa (utitiri wa nyuki), dawa ambayo jirani anapiga shambani, ama nafasi kubwa ambayo nyuki wachache hawawezi kuilinda. Kwa hivyo huu mwongozo unafuata mpangilio wa kutafuta hicho kitu, na naomba usiruke hatua. Nimeona watu wengi sana wakirukia hatua ya 4, ya kupima varoa, na wakati huo miguu ya mzinga imeguswa na nyasi kila upande.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Ovaroli ya nyuki yenye wavu wa uso, glavu na gambuti. Suruali iingie ndani ya gambuti au ifungwe kamba, wakipata mwanya wataingia.
- Smoka, yaani kile kifaa cha kupuliza moshi, na kitu kikavu cha kuchoma: maganda ya mahindi, mavi ya ng'ombe makavu, nyasi. Usichome plastiki wala kitambaa chenye mafuta.
- Patasi au kisu kipana cha kubandua, na bawa la kuku au brashi laini.
- Beseni mbili, moja iwe nyeupe. Nyeusi haitakuonyesha kitu.
- Chupa ya plastiki yenye mdomo mpana, kama ya siagi ya karanga, na wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 3 hivi.
- Aising shuga (sukari laini kama unga) pakiti ndogo, kijiko, na kikombe chenye alama ya mililita.
- Grisi, mafuta ya kupikia kidogo, na ndoo yenye kifuniko.
- Daftari. Bila daftari utasahau ni mzinga gani ulikuwa na nini.

Hakuna dawa kwa hiyo orodha na sijasahau, nitaeleza tukifika kwa varoa.

## Usalama kwanza

Nyuki wetu ni wakali na huo ukali ndio unawasaidia kuishi, so tuwaheshimu. Usiende peke yako. Fungua kuanzia saa kumi na moja jioni hivi, wakati jua limepoa na bado unaona, ili wakichafuka giza liwatulize. Kabla ya kuwasha smoka fungulia mbuzi, ng'ombe na mbwa waliofungwa karibu uwapeleke mbali. Mnyama aliyefungwa kamba hawezi kukimbia, na wengi wamekufa hivyo. Waambie majirani na watoto pia.

Ukidungwa, kwangua mwiba kwa ukucha haraka, kila sekunde unayoiacha inaongeza sumu. Mtu akianza kuvimba uso, kukosa pumzi ama kizunguzungu, hiyo si ya kungojea nyumbani, ni hospitali mara moja.

## Hatua ya 1: Tazama mlango bila kufungua

Kaa kando ya mzinga, si mbele yake, kwa dakika kumi asubuhi kukiwa na jua. Fanya hivi kila wiki. Kufungua kila mara kunawasumbua, na nyuki wa huku wakisumbuliwa sana wanahama, ndio maana mlango ni muhimu hivi.

Angalia kama wanaingia na chavua miguuni, zile duara ndogo za njano au machungwa. Chavua ikiingia kwa wingi kwa kawaida kuna watoto wa kulishwa ndani, maanake malkia anataga. Angalia kama kuna walinzi. Alafu angalia chini kwa udongo.

Chini ndiko habari iko. Nyuki wanaotambaa na mabawa yamejikunja, madogo, hayanyooki, hiyo ni dalili ya virusi ambavyo varoa husambaza. Rundo la nyuki waliokufa ghafla, wengi wakiwa wametoa ulimi, mara nyingi ni sumu ya shambani. Vipande vya nta kama unga vinavyoanguka mlangoni vinaweza kuwa viwavi wanatafuna ndani. Andika kila unachoona.

Umefaulu hapa kama unaweza kusema, bila kufungua, mzinga upi una nguvu na upi una shida.

## Hatua ya 2: Rekebisha pale mzinga umekaa

Hii ni kazi ya jembe na panga, haina uzuri wowote, na inaokoa makundi mengi kuliko kitu kingine chochote nitakachosema.

Siafu wakipanda usiku, hakuna kundi litabaki. Kama mzinga umekaa kwa stendi, kila mguu usimame ndani ya mkebe wenye oili chafu, na mkebe ufunikwe na kitu kipana juu ili mvua isijaze maji na nyuki wasizame humo. Usimwage oili kwa udongo. Kama umening'iniza kwa waya, paka grisi kwa waya na uirudie mvua ikiiosha. Alafu kata kila tawi, nyasi au mtambaazi unaogusa mzinga. Jani moja linatosha kuwa daraja.

Kivuli ni maneno ya pale unaishi. Kisumu, Nyando na sehemu za chini, jua la Januari na Februari linalegeza nta mpaka masega yanaanguka, kwa hivyo mzinga uwe chini ya mti. Molo, Mau Narok na kule juu kwenye baridi, kivuli kizito chenye unyevu hakifai, wape jua la asubuhi.

Maji yawe karibu, beseni yenye mawe ya nyuki kusimama. Wasipoyapata watayafuata kwa bomba la jirani na hapo ugomvi unaanza.

## Hatua ya 3: Fungua, upime nguvu ya kundi

Puliza moshi mara tatu nne mlangoni, ngoja dakika mbili, alafu fungua. Moshi uwe baridi, ujaribu kwa mkono wako kwanza, ukiunguza mkono utaunguza nyuki.

Kwa KTBH, ule mzinga wa Kenya wenye mbao zilizopangwa juu, anza upande usio na nyuki, toa mbao moja moja ukielekea kwa majana, yaani mayai na watoto wa nyuki. Sega la KTBH halina fremu, kwa hivyo lishike wima muda wote. Ukililaza bapa kukiwa na joto litakatika likuangukie miguuni na nyuki wote walio juu yake. Kwa Langstroth, ule wa masanduku yenye fremu, una uhuru zaidi, lakini polepole ni polepole.

Sasa jiulize kitu kimoja: nyuki wanafunika masega yote waliyojenga? Sega likiwa halina nyuki, halina mlinzi, na hapo ndipo nondo anataga na mende anajificha. Hiki ndicho kipimo changu kikubwa, nakiamini kuliko hesabu ya wadudu wenyewe. Nyuki wachache kwa nyumba kubwa ni kama mama mmoja kuachiwa boma la ekari kumi alinde usiku.

Dawa yake ni kupunguza nafasi. Kwa KTBH sogeza ubao wa kugawa mpaka uguse sega la mwisho lenye nyuki. Kwa Langstroth toa sanduku la juu, na usiliongeze mpaka fremu 7 au 8 kati ya 10 za chini zimejaa nyuki. Wengi wanaweka sanduku la pili mapema wakifikiri nyuki watafurahia nafasi. Kundi dogo halifurahii, linashindwa.

Tazama majana pia. Yaliyozibwa yawe yameshikana, vifuniko vya kahawia vimeinuka kidogo. Yakiwa yametawanyika, vifuniko vimezama au vimetoboka, andika. Usimalize zaidi ya dakika kumi na tano.

Ukiona mayai, watoto weupe waliojikunja kwa maji maji yao, na nyuki wamefunika kila sega, hiyo ni afya.

## Hatua ya 4: Pima varoa kwa sukari

Varoa ni utitiri wa kahawia inayoelekea wekundu, bapa, upana wa milimita 1.5 hivi. Unaonekana kwa macho kama unajua unatafuta nini. Kenya uliripotiwa 2009, na utafiti uliopita maeneo 24 ya nchi, uliochapishwa 2014, uliukuta karibu kila mahali isipokuwa kaskazini ya mbali. Kwa hivyo usishtuke ukiuona. Swali ni wangapi, na kundi linaonekanaje.

Watu wanafeli hiki kipimo kwa sababu tatu: wavu wa mbu, sukari iliyoshika unyevu, na haraka. Wavu wa mbu matundu yake ni madogo, varoa hapiti, so unahesabu sifuri na unaenda nyumbani na furaha ya bure. Na karibu na ziwa hewa ina maji mengi, sukari ikiganda haifanyi kazi, fungua pakiti mpya siku hiyo hiyo na usipime kukiwa na mvua.

Fanya hivi:

1. Tafuta sega lenye majana ambayo hayajazibwa. Huko ndiko nyuki walezi wako, na varoa anawapenda hao.
2. Hakikisha malkia hayuko kwa hilo sega. Angalia pande zote mbili, mara mbili. Ukimpoteza malkia kwa kipimo umeua kundi ulilotaka kuokoa.
3. Pangusia nyuki ndani ya beseni kwa bawa la kuku. Usikung'ute sega la KTBH, litakatika.
4. Chota nyuki mililita 120, ni kama nyuki 300. Watie kwa chupa, funga kwa wavu.
5. Weka vijiko viwili vikubwa vya aising shuga kupitia wavu. Zungusha chupa taratibu dakika moja mpaka wote wawe weupe.
6. Iache kivulini dakika mbili tatu. Hapa ndio haraka inaharibu. Sukari inamfanya varoa apoteze mshiko, na nyuki wakijisafisha wanamwangusha, sasa usipowapa huo muda atabaki pale pale.
7. Geuza chupa juu ya beseni nyeupe yenye maji kidogo, tikisa kwa nguvu dakika moja hivi, kama unakung'uta chumvi. Sukari itayeyuka na varoa watabaki wanaonekana.
8. Rudisha nyuki mzingani. Wenzao watawalamba hiyo sukari.

Hesabu, gawanya kwa 3, hiyo ndio idadi kwa kila nyuki 100. Ukipata 9 kwa chupa, ni 3 kwa 100. Marekani hapo ndipo wafugaji wengi wanaanza kutibu. Lakini nyuki wetu si wale. Ule utafiti wa 2014 haukuona varoa akienda pamoja na kundi kuwa dogo, na nyuki wa Afrika wana tabia ya kutoa watoto wagonjwa na kujisafisha. Kitu kingine ulionyesha ni kwamba varoa walikuwa wengi zaidi sehemu za juu, kwa hivyo watu wa Molo, Kuresoi na Elburgon pimeni mara nyingi kuliko wa Kisumu.

## Hatua ya 5: Fanya nini ukipata varoa wengi

Kwanza usiweke dawa ya kupe. Najua ipo nyumbani, najua mtu atakwambia ilimsaidia. Dawa ya kuogeshea ng'ombe haikutengenezewa mzinga, inaingia kwa nta na kwa asali, inaweza kuua nyuki, na varoa wanaobaki hai wanazaa wengine sugu. Alafu hiyo asali unampa mtoto wako. Ukiingiza dawa pia unayabeba makundi dhaifu ambayo yangeshindwa yenyewe, na madume yao yanaenda kupanda malkia wa jirani. Nguvu ya nyuki wa Kenya huenda imelindwa kwa sababu wafugaji wengi hawakutibu, tusiiharibu sisi.

Unachofanya ni kukata majana ya madume. Varoa anapenda kuzaa humo kwa sababu dume anakaa ndani ya kifuniko muda mrefu kuliko kibarua, yaani nyuki mfanyakazi. Utayajua: vifuniko vimevimba juu, virefu, kwa kawaida viko pembeni au chini ya sega. Dume anachukua siku 24 kutoka yai mpaka kutoka, kwa hivyo kata yakiwa yamezibwa na kabla hawajatoka. Ukichelewa umewalea varoa mwenyewe.

Chukua uma, fungua vyumba vichache. Mtoto wa dume ni mweupe kabisa, na varoa juu yake anaonekana wazi, kidoa cha kahawia kinachotembea. Ukimwona kwa karibu nusu ya vyumba, kundi lina mzigo mkubwa. Vile vipande wape kuku, usivitupe kando ya mzinga.

Pima tena baada ya mwezi. Kama idadi imeshuka ama imebaki na kundi linakua, achana nao, wanajiweza. Kama mabawa yaliyojikunja yanaendelea na majana yanapungua, usigawanye hilo kundi wala usitoe malkia wa kuzalisha humo. Gawanya yale yenye nguvu yenye varoa wachache.

## Hatua ya 6: Mende mdogo wa mzinga

Ni mweusi, urefu wa milimita 5 hadi 7, ukifungua anakimbia mwanga. Ni wa huku kwetu Afrika, nyuki wanamjua, wanamfungia kwa pembe kwa gundi yao na kumlinda asitoke. Ndio maana ukikwangua kila pembe mzinga ukiwa na kundi, unawafungulia wafungwa wote. Acha hiyo gundi.

Shida inaanza mende wakizaa. Watoto wao wanaharibu asali, inachacha, inatoka povu na kunuka kama machungwa yaliyooza. Wengi wanawachanganya na viwavi vya nondo, na matibabu ni tofauti, kwa hivyo tazama hivi: mtoto wa mende ana sentimita 1 hivi, ana miiba midogo mgongoni, anaacha ute, hana utando. Kiwavi cha nondo ni kinene, kinafika sentimita 2 na zaidi, na kinaacha utando mweupe na mavi meusi kwa mahandaki.

Kwa mende: punguza nafasi kama hatua ya 3, ziba nyufa, na weka mtego wa mafuta. Chukua kikebe bapa, tia mafuta ya kupikia nusu, funika na ule ule wavu wa chuma wa milimita 3 au zaidi kidogo ambao nyuki hapiti, weka sakafuni pembeni. Mende anaingia kujificha anazama. Watoto wake wakishakua hushuka kwenye udongo chini ya mzinga kugeuka mende, kwa hivyo pale chini pashindiliwe pawe pagumu na pakavu. Na ukivuna, kamua asali ndani ya siku moja mbili, masega yakikaa kwa ndoo jikoni wiki nzima unafuga mende.

## Hatua ya 7: Nondo na masega ya zamani

Nondo wa nta anapenda sega jeusi lililolelewa watoto mara nyingi. Kila msimu sogeza mawili matatu meusi kabisa kuelekea pembeni, yakibaki bila majana yatoe, yayeyushe upate nta. Usiyahifadhi stoo. Kama lazima uhifadhi masega mazuri ya Langstroth, friza siku 2 inaua mayai, alafu funga kwa mfuko usiopitisha kitu.

Ukikuta viwavi na kundi bado lipo, kata sehemu iliyoharibika, sogeza ubao, waache. Kundi likifunika masega litawamaliza lenyewe.

## Hatua ya 8: Chakula na majirani

Ukivuna, usimalize. Acha masega matatu manne ya asali, zaidi kama unaelekea miezi ya mvua kubwa au ukame. Nyuki wenye njaa wanahama, na hapo hakuna mdudu wa kulaumu. Wakiwa hawana kitu kabisa, chemsha lita 1 ya maji, changanya na kilo 1 ya sukari, ipoe, uwape jioni ndani ya mzinga. Ukiiweka nje nyuki wa kila mahali watakuja na kundi dhaifu litaibiwa mpaka liishe.

Panda. Siala, ule mti Waluhya wanauita lusiola, alizeti, kaliandra, parachichi, tithonia ya njano ya kando ya boma usiifyeke yote.

Na zungumza na anayelima nyanya au tikiti jirani yako, kabla hajapiga dawa. Mwombe asipige kwa maua, na kama ni lazima apige jua likishazama nyuki wamerudi. Mpelekee asali. Wengi wanakubali wakiambiwa vizuri, tena nyuki wanamwongezea tikiti.

## Kama wameshahama

Soma mzinga kabla ya kuusafisha. Hakuna maiti na hakuna asali: waliondoka wenyewe, njaa, joto au usumbufu. Maiti wengi: sumu. Siafu waliokufa, masega yameraruliwa: rudi hatua ya 2. Nyuki wachache, hakuna mayai wala watoto: walipoteza malkia na waliisha polepole.

Safisha siku hiyo hiyo. Kwangua kila kitu, sasa hata gundi ya pembeni, pitisha moto wa nyasi kavu ndani mpaka mbao zibadilike rangi kidogo, ziba nyufa. Usipake rangi wala dawa ya mbao ndani. Sugua nta safi kwa zile mbao za juu, na kwa KTBH hakikisha kila moja ina upana wa milimita 32, maana mafundi wengine wanakata kwa macho na nyuki wanaishia kujenga mshazari mpaka mzinga haufunguki. Rudisha kwa stendi kabla maua ya msimu hayajafunguka, mikebe ikiwa na oili, na uandike kwa daftari tarehe na sababu ya waliotangulia kuondoka.